Excel ofisini kwa polisi: tathmini ya mtu aliyewahi kuumbuka nayo

Mimi si askari. Sina sare, sina pingu, na redio naisikia tu ikikoroma kwenye meza ya jirani. Ni mchambuzi mwandamizi wa menejimenti katika idara ya polisi, cheo ambacho hata ndugu zangu wameshindwa kukieleza kwa watu, wakaishia kusema "yuko polisi huyo", basi watu wakaanza kuniletea kesi zao. Kwa kifupi, nahesabu. Askari wangapi wanahitajika kwenye zamu ipi, magari mangapi yamelala gereji, ovataimu imekula kiasi gani cha bajeti, na mkuu akibanwa kuhusu hayo na wanaopitisha fedha, ajibu nini. Neno "mwandamizi" maana yake ni kwamba namba ikitoka na kasoro, anayeitwa ni mimi.

Kwa miaka 11 nimefanya kazi hii kwa Excel. Wachambuzi wapya huniuliza kama bado inafaa au wahamie kwenye programu za kisasa zaidi. Jibu langu ni refu kidogo, na linaanza na siku niliyoumbuka.

Kilikuwa kikao cha kila mwezi. Nilikuwa nimeandaa jedwali la ovataimu, askari mmoja mmoja, kitengo kwa kitengo, nikalirusha ukutani. Kitengo kimoja kilionekana kimepunguza saa za ziada kuliko vyote. Mkuu akampongeza kiongozi wake, naye akazipokea pongezi kama ambavyo yeyote angezipokea. Ndipo sajini mmoja aliyekaa nyuma, mtu ambaye kikaoni huwa hafungui mdomo, akanyoosha mkono. "Mchambuzi, samahani. Hapo umeniandikia saa saba. Mwezi huu nimefanya thelathini na moja, na fomu nilikuletea mwenyewe."

Alikuwa sahihi. Excel hutunza muda kama sehemu ya siku: siku nzima ni 1, muda wa saa 12 ni 0.5. Ukijumlisha hadi saa 31, ndani ya seli, yaani kile kisanduku kimoja cha jedwali, kuna siku moja na saa saba. Seli ikiwa imewekwa mtindo wa kawaida wa saa, inakuonyesha zile saba tu na siku nzima inamezwa. Namba yenyewe ipo, ila huioni. Dawa yake ni kubadilisha mtindo wa seli uwe [h]:mm. Yale mabano ya mraba ndiyo yanayoruhusu saa zivuke 24. Kazi ya sekunde chache, nami sikuifanya. Aliyefanya saa 23 alionekana na 23 zake, aliyejiua kwa saa 31 akaonekana na saba. Yaani kitengo kilichochoka kuliko vyote ndicho kilichopigiwa makofi. Kosa ni langu, programu ilifanya nilichoiambia. Lakini ukitaka kuijua tabia ya Excel, ndiyo hiyo: haikatai, hainung'uniki, inakupa jibu lenye sura nzuri.

Dada yake kosa hilo ni usiku wa manane. Zamu ya usiku ikianza 22:00 na kuisha 6:00, ukitoa mwanzo kutoka mwisho unapata muda hasi, na seli inajaa alama ####### kama uzio. Watu huhangaika kuipanua safu wakidhani nafasi ni ndogo. Andika =MOD(mwisho-mwanzo,1) na utapata saa nane zako. Kwenye ofisi inayofungwa jioni fomula hii hutaihitaji maisha yako yote. Polisi utaihitaji wiki ya kwanza.

Sasa ninapoipenda.

Kuna ombi ambalo kila mchambuzi wa polisi atakutana nalo: kiongozi anataka "askari mmoja tu" wa kukaa mahali fulani saa zote, mchana na usiku. Fungua shiti tupu, yaani ukurasa mmoja wa faili ya Excel. Saa 24 mara siku 365 ni 8,760. Askari wa saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwa mwaka kwenye karatasi. Toa likizo, toa mafunzo, toa siku za kuugua, toa siku anazokwenda kutoa ushahidi mahakamani. Tuseme zinabaki 1,700. Gawanya: 5.15. Huyo "mmoja tu" ni watu watano na kipande. Nimeifanya hesabu hii mbele ya makamanda mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na kila mara kuna kimya kifupi, kisha mkono unanyooka kuelekea kwenye skrini: "Hii ya mahakamani umeitoa wapi?"

Swali hilo ndilo linalonifanya nisiiache Excel. Afande anaiona seli, anaona namba iliyomo, anaweza kuniambia kikosi chake kinakwenda mahakamani mara mbili ya wenzao. Nabadilisha 1,700 iwe 1,600, na 5.15 inaruka kuwa 5.48 mbele ya macho yake. Tumewahi kuwa na mfumo mmoja wa dashibodi, sitautaja, wenye rangi na mishale inayopanda na kushuka. Ulikuwa mzuri wa kutazama. Kila nilipoulizwa mshale umepandaje, sikuwa na jibu, na mtu wa mfumo naye hakuwa nalo. Mchambuzi asiyeweza kuonyesha hesabu yake mbele ya polisi, watu waliozoea kuuliza maswali hadi mtu atoe jasho, hana muda mrefu.

Jambo jingine ni MEDIAN. Ukiulizwa askari wanachukua muda gani kufika kwenye tukio, usikimbilie AVERAGE. Chukua simu tano: dakika 6, 7, 7, 8 na 62. Wastani ni 18, na hakuna hata mmoja aliyesubiri dakika 18. Namba ya katikati ni 7. Halafu ifuate ile 62 uone kulikoni. Mara nyingi askari alifika, akaanza kuwatenganisha watu, akasahau kubonyeza kwamba amefika. Mimi huripoti zote mbili na idadi ya zile zilizochelewa sana, maana hata kati ya hizo kuna mtu aliyesubiri kweli.

Pivoti, jedwali la muhtasari ambalo Excel hukutengenezea kutoka kwenye data ndefu, ni nzuri, hilo halina mjadala. Grafu zinatosha, zile za pande tatu usiziguse.

Kinachoniudhi kila siku ni ujuaji wake. Namba ya askari 00417 ukiifungua inakuwa 417. Namba ya jalada iliyoandikwa 3-12 inageuka tarehe. Namba ndefu ya utambulisho inapita vizuri hadi tarakimu ya 15, kisha zinazofuata zinakuwa sifuri, na ukishahifadhi huzirudishi tena. Si polisi peke yao wanaoumia. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilizipa jeni kadhaa majina mapya, mojawapo MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa inazigeuza kuwa tarehe. Fikiria, sayansi ikampisha karani! Tangu 2023 kuna mpangilio wa kuzima sehemu kubwa ya ugeuzaji huo, nenda ukauzime leo. Na data za nje usizifungue kwa kubofya mara mbili. Zipitishe kwenye Power Query, zana ya kuingizia na kusafishia data ambayo imekuwa ndani ya Excel tangu toleo la 2016, uiambie safu hii ni maandishi, iache kama ilivyo. Kama ningeambiwa nimfundishe mchambuzi mpya kitu kimoja, ningemfundisha hicho, fomula angejifunza mwenyewe.

Ukomo wa mistari ni 1,048,576. Inaonekana mingi hadi upokee simu zote za dharura za miaka kadhaa. Faili za mtindo wa zamani, zile za .xls, zinaishia mistari 65,536, na Uingereza iliwagharimu: Oktoba 2020 ilibainika kwamba wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati kwa sababu faili ilijaa na ziada ikaachwa nje. Kwa mizigo ya namna hiyo mimi hutumia Python, lugha ya kuandikia programu, kisha narudisha muhtasari kwenye Excel ili wakubwa waushike.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Tarehe 8 Agosti 2023, Polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la kawaida kabisa la taarifa kwa umma: askari wangapi wa kila cheo. Ni swali ambalo mtu wa kazi yangu hulijibu bila kuweka kikombe chini. Jedwali la jibu lilikuwa sawa. Lakini ndani ya faili ileile ilibaki shiti iliyofichwa yenye chanzo cha data: majina ya ukoo, herufi za kwanza, vyeo na vituo vya wafanyakazi wote 9,483. Faili ikawa mtandaoni kwa zaidi ya saa mbili. Huko kuna askari ambao hata jamaa zao hawajui wanafanya kazi gani, kwa kuhofia kuuawa. Mwaka uliofuata ofisi ya Kamishna wa Habari wa Uingereza, inayosimamia ulinzi wa data, ikawapiga faini ya pauni 750,000.

Habari ile ilinifanya nisimame. Nilifungua folda ya faili nilizowahi kutuma nje ya ofisi na kuzipitia moja moja, jioni tatu mfululizo. Shiti zilizofichwa sikukuta. Nilichokuta ni pivoti. Wengi hawajui kwamba pivoti hubeba nakala ya data iliyoizaa. Unaweza kufuta shiti ya chanzo, ukaona umesafisha, kumbe anayepokea akibofya mara mbili ile namba ya jumla, mistari yote inamwagika kwenye shiti mpya. Kwangu ilikuwa orodha ya matengenezo ya magari, bahati tu. Ingeweza kuwa majina ya mashahidi.

Tangu hapo, kutoka kwangu haitoki faili ya Excel kwenda nje. Nanakili thamani tupu kwenye faili mpya kabisa, naihifadhi kama CSV, faili ya maandishi matupu ambayo hubeba shiti moja tu na haina pa kuficha kitu, kisha naifungua kwa programu ya maandishi nione kwa macho kilichomo. Ndani ya Excel kuna kikaguzi cha hati kinachotafuta shiti na safu zilizofichwa, kitumie, ila usikifanye mlinzi wa pekee. Mtu wa pili aangalie pia, tena mtu asiyeijua faili, maana wewe uliyeitengeneza unaona ulichokusudia.

Kwa sababu hiyohiyo, usiifanye Excel rejista. Nimekuta vitengo vinavyotunza orodha ya vielelezo kwenye faili la pamoja ambalo kila mtu analiandika. Kielelezo kinahitaji kujulikana nani alikigusa na lini, kwa namna ambayo wakili hataichana mahakamani. Seli inafutwa na mtu aliyekuwa anapangusa kibodi.

Mengineyo kwa haraka. Kati ya fomula za kutafuta thamani kwenye jedwali, XLOOKUP ni tamu kuliko VLOOKUP, lakini ukimtumia mwenye toleo la zamani ataona makosa, kwa hiyo uliza kwanza. Funga seli za fomula kabla ya kuwapa vitengo fomu ya kujaza. Andika pembeni ya kila namba ya kudhania kwamba ni ya kudhania na nani aliyekupa. Miezi sita baadaye hutakumbuka, na mkuu atakuwa amebadilishwa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni ya ile shiti isiyoonekana. Ya kosa la ovataimu nimejikatia mimi mwenyewe.

Siku hizi jedwali la ovataimu linapita kwanza kwa yule sajini, limechapwa kwenye karatasi, siku mbili kabla ya kikao. Hajui fomula hata moja. Mwezi uliopita alilirudisha na duara moja la kalamu nyekundu: askari niliyemwandikia saa 14 za usiku alikuwa likizo wiki mbili hizo, na mwenye fomu ile alikuwa mwenzake wa jina moja.