Uzoefu wangu: paki ya RV Yuma, Arizona kipindi cha baridi, na mafundi wa motahomu

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya kokoto na kelele za ndege, nitafika huko. Paki yenyewe, yaani kiwanja cha kuegesha na kuishi kwenye RV au motahomu, gari lenye nyumba ndani, iko Yuma, Arizona, kusini kabisa pale jimbo linapokutana na California na Mexico, jina sitaji maana kuna mambo nitawasema. Sisi tunateremka kutoka Minnesota, mimi na mama watoto, wote tumestaafu, na jamani Januari ya Minnesota kwa magoti ya umri huu siyo mchezo, Yuma muda huo huo mchana unakuta nyuzi 20, jua limewaka, watu na kaptura zao. Usiku ni jangwa lakini, inashuka mpaka nyuzi 7 au 8, kwa hiyo wanaosema hita ya motahomu huku haina kazi waache fix.

Kuingia: ni paki ya watu wa miaka 55 kwenda juu, na kabla hawajakukubalia wanataka picha ya gari, maana paki nyingi za huku gari ikizidi miaka 10 maswali yanaanza. Yetu imeshapita huko zamani, ni ya petroli, chasi ya Ford, injini V10, nikaipiga polishi nikatuma picha, ikapita. Bei ya mwezi ukipiga hesabu ni nafuu sana kuliko kulipa kwa siku, ila ukilipa kwa mwezi umeme haumo, una mita yako wanakuja kuisoma na daftari kama TANESCO enzi zile kabla ya LUKU. Waulize uniti shilingi ngapi, yaani senti ngapi, kabla hujasaini.

Sasa mimi naona watu wengi wanachagua paki kwa swimming pool na uwanja wa pikoboli, ule mchezo kama tenisi ndogo, mi nasema nenda kaangalie kiboksi cha umeme kwanza. Cha ampia 30 kina njia moja ya volti 120, jumla wati 3,600, hapo ukiwasha hita ndogo ya wati 1,500 na maikrowevu na mama akaanza kupasi, breka inaruka. Cha ampia 50 kina njia mbili za volti 120, jumla wati 12,000, unaishi kama mtu. Hapa kila nafasi ina vyote viwili, soketi zinabana vizuri hazijaungua, na jioni watu wote wakiwasha mahita yao kifaa changu cha kulinda umeme bado kinaonyesha volti 117, 118. Msimu wa nyuma tulikuwa paki nyingine hapo hapo Yuma, nzuri kwa macho, miti ya mapambo kama minazi mpaka getini, ikifika saa moja usiku umeme unashuka chini ya volti 104 kifaa kinakata chenyewe, tunakaa giza na swimming pool yao inawaka taa za bluu. Msinunue motahomu mkakosa hiki kifaa, ni bei ndogo ukilinganisha na kununua kompresa ya AC.

Kitu cha pili ambacho hawaandiki kwenye matangazo: uliza kama wanaruhusu matengenezo. Kuna paki ukifungua boneti tu ofisi imeshakuja. Hawa wanaruhusu fundi wa kutembea mradi ana bima, na wewe mwenyewe unaruhusiwa kazi ndogo ndogo, kumwaga oili tu ndo marufuku, na ni haki yao. Hiki ndo kimetuokoa maana gari letu lilifika na mikasa.

Siku ya kwanza slaidi, kile chumba kinachotoka ubavuni, kikatoka nusu kikagoma. Nabonyeza swichi, inalia kwa mbali halafu kimya. Mota ya slaidi inakula moto mwingi wa betri, kwa hiyo kabla hujaita fundi washa injini ili altaneta, ile inayochaji betri, isaidie, nikawasha, ikatoka taratibu mpaka mwisho. Kesho yake nikaingia chini na tochi, waya wa ethi pale ulipofungwa kwenye chasi umeota kutu yote kwa ile chumvi wanayomwaga barabarani Minnesota. Nikafungua bolti, msasa mpaka chuma kikang'aa, grisi kidogo, nikakaza. Haijagoma tena.

Kubwa lilikuwa hita ya gesi. Unaweka joto, feni inaanza, unasikia inavuma, inavuma, unasubiri ule mlio wa moto kushika, hakuna, feni inaendelea kupuliza ubaridi halafu inazima. Nikaita fundi wa kutembea, kaja na gari limeandikwa vizuri, hajafungua hata skrubu moja, kasikiliza feni akasema bodi, ile saketi inayoongoza hita, imekufa, akanipigia bei ambayo ningepata friji, na hela ya kuja kwake anataka hapo hapo. Nikamlipa ya kuja, nikamwambia ya bodi nitamjulisha.

Jirani yetu ni mzee wa Saskatchewan, Canada, kila mwaka yuko hapa, alikuwa amekaa kwenye kiti chake anatuangalia. Fundi alipoondoka akaja na bisibisi yake mfukoni, akaniuliza betri ina volti ngapi, nikapima na testa, 12.6, akasema basi siyo betri, tufungue. Tukafunga gesi kule kwenye mtungi, tukakata na umeme wa volti 12, tukavuta hita nje. Humo ndani karibu na feni kuna kijiswichi kina kibati chembamba, upana wa kidole, upepo wa feni ukikisukuma ndo kinairuhusu bodi kufungua gesi na kutoa cheche, yaani ni usalama, feni isipopuliza sawasawa gesi haitoki. Chetu kilikuwa kimezungukwa na vumbi na nyuzi za kapeti, kimenasa hakiendi mwisho. Brashi ya kupakia rangi, tukasafisha, tukarudisha. Feni ikavuma, kidogo, halafu ule mlio, vuuup, mama watoto akapiga vigelegele kutoka jikoni. Bodi ile ile mpaka leo.

Yule mzee akanionyesha na bomba la moshi la nje, nyigu wanajenga matope humo, watu wanasema ile harufu inayowekwa kwenye gesi ndo inawavuta, mi sijui ila nimenunua kiwavu cha chuma nimefunga. Na panya wa jangwani nao wanakula waya za injini, ndo maana usiku mtaona watu wameacha boneti wazi na kijitaa chini yake, wanasema panya hapendi mwanga na nafasi wazi.

Maji ya Yuma ni magumu balaa, ni ya mto Colorado, bomba la kuogea linaziba chokaa. Fungeni kirekebisha presha pale mnapochukulia maji. Mwenye hita ya maji ya tenki la chuma achomoe ile fimbo ya anodi, inayoliwa na kutu badala ya tenki, aiangalie, yangu ilikuwa imeliwa yote umebaki waya wa katikati, mpya ni bei ya chakula cha mchana. Na tafadhali, kwa sababu tu umekaa kwenye nafasi yenye bomba la maji taka usiache valvu ya tenki la choo wazi. Maji yanakimbia, mzigo unabaki, unakauka. Funga, lijaze kwanza, ndo umwage.

Mabaya sasa. Nafasi zao ni za kokoto na haziko levo, friji yetu ni ya gesi na ikilala upande haipoozi na inajiharibu, nimeweka mbao chini ya jeki mpaka nikachoka. Wi-Fi ni ya jina tu. Ndege za kivita za kambi ya Marine, wanajeshi wa Marekani, zinapita asubuhi vikombe vinacheza kabatini. Na ofisini kuna mtu kila ukimuuliza kitu anakuonyesha kitabu cha sheria, sheria yenyewe unayoiuliza haimo.

Nje ya paki hatuna malalamiko. Mboga za majani ni mbichi maana msimu wa baridi Yuma ndo shamba la nchi nzima, tende za Medjool zinatoka hapo hapo, Ramadhani kama itaangukia mkiwa huku mmepata. Meno tulitengenezea Los Algodones, ng'ambo ya mpaka, mji mzima ni madaktari wa meno na maduka ya miwani, bebeni pasipoti na msichelewe kurudi, ule mpaka usiku unafungwa.

Msimu ujao tumeshaweka amana, nimeomba safu ya nyuma iliyosawazishwa, wamesema wataangalia. Mwenye wajukuu wa kuja kumtembelea aulize kwanza ofisini, watoto wanapewa siku chache tu na swimming pool ina saa zao.