Kodi ya jengo kwenye LUKU: kukusanya wanajua, mgao wa fedha hatuuoni

Nina nyumba ya urithi Ngamiani: vyumba sita, ukumbi katikati, mita moja ya umeme, wapangaji wa kila aina. Kwa hiyo huduma hii ya kukatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, naijua pande zote mbili. Kisheria mdaiwa ni mimi mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule aliyetangulia kununua umeme mwezi huo.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Kabla ya Agosti 2021 kulipa kodi ya jengo ilikuwa safari: bili, foleni, risiti ya kutunza kwenye bahasha. Sasa ukinunua umeme kwa simu yamekwisha, hakuna wa kukugongea mlango. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa nyumba yenye wapangaji si fedha ya kuuza kitanda. Mzee wa miaka 60 na kuendelea ana msamaha kwa nyumba anayoishi, ila auombe mwenyewe. Mita haijui umri wa mtu.

Tabu ni tarehe moja. Uniti zikiisha usiku huo, nyumba nzima inakuwa ya wachamungu, kila mtu kalala mapema! Mama wa mihogo wa chumba cha uani anajua, kijana wa bodaboda anajua: atakayenunua wa kwanza, 10,000 yake italeta uniti kama 24 badala ya 28. Basi wanavumilia joto la Tanga, feni zimesimama, wanategana. Mwisho yule kijana akaja kwangu. "Shikamoo mama. Hivi hii kodi ya jengo, jengo ni langu?" Nikacheka, nikampa 1,500 yake palepale, kwani mpangaji aliyekatwa ana haki ya kumdai mwenye nyumba. Siku hizi tarehe moja nanunua mimi.

Sasa mgao wa fedha yenyewe. Soma ujumbe wa LUKU: VAT, REA asilimia 3, EWURA, yule mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Ile ya REA najua inakokwenda, inapeleka umeme vijijini. Kodi ya jengo unaona kiasi ulichokatwa, basi. Ngapi imebaki Serikali Kuu, ngapi imerudi Halmashauri ya Jiji la Tanga, kimya. Zamani halmashauri zilikusanya zenyewe. Mwaka 2016 kazi ikahamia Mamlaka ya Mapato, na jiji likawa la kusubiri kugawiwa, kama mgeni aliyechelewa sinia la pilau. Nilimuuliza mwenyekiti wa mtaa habari za mtaro wetu, ambao masika ikishika unageuka bwawa. Akanijibu kwa adabu, "Bi mkubwa, fedha hiyo kwangu haipiti." Na kweli haipiti.

Ushuru wa soko ni habari nyingine. Huo ni wa halmashauri yenyewe, na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inatakiwa itengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Muuza nyanya wa Mgandini anaweza kulalamika kuhusu foleni na fomu za kikundi, lakini anajua aulize ofisi gani. Mimi na 18,000 yangu niulize wapi?

Kwa kukusanya nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa mgao, moja. Mstari mmoja tu kwenye ujumbe, "kiasi kilichorudi halmashauri", ungeniongezea nyota mbili siku hiyohiyo.

Nawe unayetafuta chumba kwenye nyumba ya mita ya pamoja, kabla hujatoa kodi ya miezi sita uliza kwanza: tarehe moja ananunua nani?