Light Blue kwa jua la kaskazi

Ukitaka manukato ya kuhanikiza ukumbi mzima wa harusi, haya siyo. Baki na udi wako. Light Blue ya Dolce & Gabbana, iliyotoka mwaka 2001, mimi naivaa asubuhi nikienda skuli kusomesha, jua la kaskazi linachoma na buibui limeshaanza kunata mgongoni. Mwanzo unanusa limau la Sicily na tufaha bichi, kali kidogo, kama umekwaruza ganda kwa ukucha. Ikitulia ndipo huja asumini na waridi jeupe, kwa mbali tu. Asumini ya kikuba ni habari nyengine kabisa. Chini yake mna mwerezi na miski, ndiyo maana haichushi. Wifi yangu anasema ina ukiume. Wifi yangu huyo hujipaka uturi mpaka nyuma ya mashikio.

Ni manukato mepesi, si mafuta, kwa hiyo adhuhuri mwilini yameshapungua. Mimi hupulizia mtandio, na huko hukaa mpaka alasiri. Mjini utaona chupa za bei ya kutupa zenye kifuniko cha buluu kama cha Light Blue, na huenda si yenyewe: jipulizie mkononi, zunguka kwanza, ndipo utoe pesa.