Canon EOS R6 Mark II mkononi mwa mpiga picha wa harusi

Wengi wanaoniuliza kuhusu kamera hii huanza na megapikseli. Ni 24.2, zinatosha, tuendelee. Mimi napiga picha za harusi hapa Kisumu na vijijini kuelekea Siaya na Vihiga, kazi inayoanza alfajiri kwa kina bibi harusi na kuishia usiku chini ya hema. Ninachotaka kujua ni kama mkono utaivumilia kamera mpaka keki ikatwe.

Ikiwa na betri na kadi ya kuhifadhia picha, R6 Mark II ina gramu 670 hivi. Ifunge lenzi ya RF 24-70mm f/2.8, ambayo peke yake ni gramu 900, na umeshabeba zaidi ya kilo moja na nusu. Hapo ndipo kishikio kinapojulikana. Hiki kina kina cha kutosha: vidole vinazama, na kidole cha mwisho, ambacho kwenye kamera ndogo hubaki kikining'inia, kinapata pa kukaa. Mikono yangu ni midogo, lakini kidole cha shahada kinakifikia kitufe cha shata, kile cha kupigia picha, bila kujinyoosha. Mpira wake unashika vizuri hata kiganja kikilowa jasho, na joto la Kisumu mwezi wa Februari si la kusimuliwa.

Raha yangu kubwa ni magurudumu matatu. Moja liko nyuma ya kitufe cha shata, la pili juu panapopita kidole gumba, la tatu mgongoni. Kasi ya shata, uwazi wa lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kila kimoja kina gurudumu lake. Bibi harusi anatoka mlangoni: nyuma yake giza la sebule, mbele yake jua la saa saba mchana. Kati ya giza na jua ni hatua moja. Gumba linazungusha, unahisi kila mkwaruzo mdogo wa gurudumu, na jicho halijatoka kwenye kitundu cha kuchungulia. Kamera yenyewe inatafuta macho ya mtu na kuyafuata, lakini mashangazi wakijaa mbele na vigelegele, huenda ikamshika aliye karibu. Kijiti kilicho mgongoni kinasukumwa pande nane. Nakigusa kidogo tu, fokasi inarudi kwa mwenye shughuli.

Swichi ya kuwasha sasa iko kulia. Kwenye R6 ya kwanza, ya mwaka 2020, ilikuwa kushoto. Kwa mtu ambaye mkono wa kushoto umeshika mwavuli au pindo la shela, badiliko hilo lina thamani. Ila pale kushoto wameweka swichi ya kuchagua picha au video, kwa hiyo anayetoka kwenye kamera ya zamani aufunze mkono wake upya kabla hajaenda nayo kazini.

Skrini inafunguka ubavuni na kuzunguka. Pale Dunga, ufukweni mwa ziwa hapa Kisumu, omena wakiwa wameanikwa chini kwenye nyavu, unaiteremsha kamera hadi usawa wa samaki na bado unaona fremu, iwe ya kulala au ya kusimama. Hata hivyo skrini inakaa kando ya lenzi, jicho linatazama huku na lenzi kule. Ningependelea inayoinuka moja kwa moja.

Betri ni LP-E6NH, na zile za LP-E6N za kamera za zamani zinaingia. Inachajiwa pia kwa USB-C, jambo jema kwa vijiji ambako stima hukatika.

Kuna ndugu yake mdogo, R8, wa mwaka 2023. Megapikseli ni zilezile 24.2, bei ni nafuu, na ina gramu 461 tu. Ndiyo maana vijana wengi wanaikimbilia. Lakini haina kijiti, haina gurudumu la tatu, na kadi ni moja, iliyofichwa chini pamoja na betri. Kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, kubadilisha kadi ni usumbufu. R6 Mark II ina nafasi mbili za kadi, na mlango wake uko ubavuni. Kwa matembezi ya wikendi R8 inatosha kabisa. Kwa kazi ya kusimama kutwa na lenzi nzito, naongeza pesa bila kusita.

Ukienda dukani usikubali kupewa kamera tupu. Mwombe muuzaji aifunge lenzi utakayofanyia kazi, kisha uishikilie usoni muda wote mnapopatana bei.