Ofisi ya tafsiri na nyaraka ya Mwanga, Kigoma: kazi safi, ushauri mmoja wa hatari

Nilipeleka kazi katika ofisi ndogo ya tafsiri iliyopo Mwanga, si mbali na soko, kwa niaba ya mpwa wangu ambaye sasa ni raia wa Marekani. Mwajiri wake, kampuni yenye mkataba na jeshi la huko, alimwombea kibali cha kushughulikia taarifa za siri, na kilichomkwamisha ni madeni: kadi ya mkopo na bili ya hospitali alizoshindwa kulipa kipindi alichokuwa akimtumia mama yake, yaani dada yangu, karibu mshahara wote kwa ajili ya maradhi yaliyoanza kutibiwa hospitali ya Maweni na kumfikisha hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kwetu deni ni la mkopaji na aliyemkopesha, pengine na mjumbe akiitwa kusuluhisha, hivyo ilinibidi kueleza pale ofisini kwa nini serikali ya Marekani inajali bili ya mtu binafsi. Mwongozo wao wa vibali, unaotumika tangu tarehe 8 Juni 2017, una vigezo 13, na kimojawapo kinahusu fedha: aliyezidiwa na madeni huhofiwa kwamba anaweza kutafuta pesa kwa njia haramu, na aliyepuuza kulipa hutiliwa shaka kama ataheshimu kanuni za kutunza siri. Fomu ya maombi huuliza hata deni lililochelewa zaidi ya siku 120 ndani ya miaka 7 iliyopita. Hata hivyo, mwombaji anaruhusiwa kuonyesha kwamba deni lilitokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wake, kama ugonjwa wa ghafla, kifo au kupoteza kazi, na kwamba hakulikimbia, kwa mfano kwa kupatana na wadai na kulipa kidogo kidogo. Mpwa wangu alipewa siku 20 za kujibu hoja kuhusu madeni yake.

Ushahidi wa ugonjwa ulikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda cha dada: risiti za dawa, barua ya rufaa, tiketi za basi. Hapa ndipo mfasiri alipostahili malipo yake. Alipanga kila karatasi kwa tarehe, akaoanisha kila pesa iliyoingia kwenye simu ya dada na matumizi yake, kisha akagundua, jambo ambalo mimi sikuliona, kwamba jina la dada limeandikwa kwa namna mbili katika nyaraka za hospitali, akashauri tupate hati ya kiapo kwa wakili. Kazi yote ilichukua siku 6.

Kasoro niliyoiona si ndogo. Kijana anayepokea wateja aliniambia, “Mzee, tuandike tu kwamba mama aliugua miaka miwili, itakaa vizuri zaidi.” Dada aliugua miezi minane. Aliongeza kwamba ile kadi ya mkopo tusiitaje kabisa, kana kwamba wachunguzi hawasomi kumbukumbu za mikopo za mwombaji. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Amezoea barua za kuomba msaada, ambazo wengi hutia chumvi. Lakini katika shauri hili, uaminifu wa mwombaji ni kigezo kinachojitegemea, na kuidanganya serikali ya Marekani kwa makusudi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 5. Nilikataa, na mfasiri mwenyewe, aliposikia, aliniunga mkono bila kusita.

Bei ilikuwa shilingi 15,000 kwa ukurasa, nami nilipewa risiti. Kwa tafsiri nitarudi kwao, ila nitazungumza na mfasiri moja kwa moja. Mpwa wangu alituma majibu yake siku ya 14, yakiwa na jedwali la mfasiri na makubaliano yake ya malipo na hospitali inayomdai, na bado anasubiri uamuzi.