TAHADHARI: Pawasaplai za "600W" feki, na mafundi wanaoshirikiana na muuzaji kukumaliza

Ndugu zangu mnaotumia kompyuta za mezani nyumbani, hasa mnaonunua vifaa Kariakoo au mnaoagiza kutoka mikoani, kuna mchezo unaendelea na watu wanaumia. Mtu anauziwa pawasaplai (kile kifaa ndani ya boksi kinachogawia kompyuta umeme) yenye maandishi makubwa ya 600W, yaani wati 600, kompyuta inaanza kujizima ovyo, na kila akirudi kulalamika anauziwa kitu kingine. Mwishowe mashine inatangazwa imekufa, na hao hao wanajitolea kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Dada yangu ameponea chupuchupu kwenye hatua hiyo ya mwisho.

Dada anahariri video za harusi na sendofu nyumbani kwake. Mashine yake inamlisha: prosesa Core i5-9400F, RAM gigabaiti 16, grafiki kadi (inayoshughulikia picha na video) GTX 1660 Super. Pawasaplai ya zamani ilipoungua aliingia kwenye duka moja Kariakoo, akaonyeshwa mpya ndani ya boksi lake, akalipa shilingi 85,000. Kabla hajaondoka muuzaji aliichomeka kwenye kipimio kidogo cha pawasaplai chenye kioo, taa zikawaka kijani, ikasomeka volti 12.0. Akaambiwa, "Umeona mwenyewe dada, mzigo uko safi."

Kuanzia hapo mashine ikawa na tabia yake. Akiandika au akiangalia filamu, inatulia. Akianza kuekspoti video (kuitoa kama faili kamili la mteja), ghafla kioo cheusi, feni kimya, kisha inajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna skrini ya bluu wala onyo lolote. Kazi ya mteja inabidi kuanzwa upya.

Aliporudi dukani alielekezwa kwa fundi wa jirani, "kijana wetu". Fundi akasema ni virusi, akapiga Windows upya, akalipwa. Haikusaidia. Akasema RAM imechoka, akauza nyingine. Haikusaidia. Ikawa umeme wa TANESCO, akauziwa stebilaiza. Ilipoendelea kujizima, fundi akatikisa kichwa kwa huzuni: "Dada yangu, mazabodi, bodi kuu yenyewe, imekufa hii. Usihangaike nayo, niachie nikupe laki moja na nusu uongezee ununue nyingine." Grafiki kadi peke yake inazidi hela hiyo! Hapo ndipo dada akanipigia simu, na namshukuru Mungu hakuiacha.

Nataka mwelewe jinsi ya kujua ukweli kabla hamjatoa hela, kwa sababu wezi hawa wanaishi kwa kutegemea kwamba mteja haoni kinachoendelea ndani ya boksi.

Windows inaweka kumbukumbu ya matukio. Andika Event Viewer kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Windows Logs, kisha System. Mashine iliyozimika bila utaratibu utaikuta na alama nyekundu ya Kernel-Power, namba 41. Namba hiyo peke yake haisemi chanzo, inasema tu kwamba kompyuta iliwaka tena bila kuzimwa vizuri. Fungua maelezo yake utafute mstari wa BugcheckCode. Ukikuta namba nyingine mbali na 0, Windows ilipata nafasi ya kuandika kosa, na mara nyingi utakuwa umeona skrini ya bluu yenye maneno kama MEMORY_MANAGEMENT. Hapo kushuku RAM au draiva ni halali. Lakini ukikuta 0 mfululizo, na mashine inakatika ikiwa kwenye kazi nzito, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika. Umeme ulikatika chini yake. Kwa dada zote zilikuwa 0. Kupiga Windows upya kwa dalili hizo ni kumla mtu hela mchana kweupe.

Joto nalo linaweza kuzima mashine ghafla, na kwa joto na vumbi la Dar hilo si la kupuuza. Tulihakikisha silo chanzo kwa programu ya kusoma joto iitwayo HWiNFO, ambayo ni ya bure kwa matumizi binafsi: prosesa haikukaribia hata nyuzi 80 wakati inakatika. RAM yake ya zamani, ile iliyoitwa imechoka, tuliipima kwa programu ya MemTest86 usiku kucha. Haikutoa kosa hata moja. Ni nzima mpaka leo.

Tukamweka fundi mwingine, tunayemfahamu, na multimita (kipimio cha volti) kwenye waya wa njano wa volti 12. Mashine ikiwa imetulia, ilisoma 12.1. Akaanzisha ekspoti, namba ikaanza kushuka mbele ya macho yetu: 11.6, 11.2, ikagusa 10.9 na kioo kikazima. Kiwango cha ATX, kanuni ambayo pawasaplai za kompyuta za mezani hutengenezwa kwayo, kwa miaka mingi kimeruhusu mstari huo wa volti 12 upande au ushuke kwa asilimia 5 tu, yaani usiende chini ya 11.4. Ndiyo maana kile kipimio cha dukani hakina maana: hakiibebeshi pawasaplai mzigo wowote wa maana. Hata iliyooza itawaka kijani pale.

Sasa njooni kwenye lebo, maana hapa ndipo wizi ulipo wazi kabisa. Usisome namba kubwa. Soma jedwali dogo lililoandikwa pembeni yake, mstari wa +12V, uone ni ampia ngapi, kisha zidisha kwa 12. Prosesa na grafiki kadi zinakula kwenye mstari huo. Pawasaplai ya kisasa ya wati 600 iliyo halali hutoa karibu nguvu yake yote hapo, ampia 45 na zaidi. Ya dada ilikuwa na ampia 18. Hiyo ni wati 216. Prosesa yake imepangiwa wati 65 na kadi wati 125, jumla 190 kabla hujahesabu feni, diski na mazabodi yenyewe. Na kadi huruka juu ya kiwango chake kwa nukta za sekunde. Mashine ilikuwa inajizima kwa sababu ilikuwa na njaa.

Fundi alipopitisha kucha kwenye kona ya ile stika, ikainuka. Chini yake kulikuwa na stika nyingine, imefifia, imeandikwa 250W. Nimeishika mwenyewe. Yaani kuna mtu alikaa na mafungu ya stika za 600W akazibandika moja baada ya nyingine juu ya pawasaplai za zamani, akazitia kwenye maboksi mapya. Dada akauziwa mtumba kwa bei ya kitu kipya.

Dalili nyingine za kuangalia ukiwa bado dukani. Inyanyue: feki ni nyepesi kama boksi la viatu tupu, nzima ina uzito mkononi. Waya za feki ni nyembamba na chache, na waya wa grafiki kadi wenye pini 6 au 8 mara nyingi haupo, unapewa wa kuungia kutoka Molex, ile plagi ya zamani ya pini 4. Nyuma kuna swichi nyekundu ya 115/230, ambayo ni dalili ya muundo wa zamani (na msiiguse, ukiiweka 115 kwa umeme wetu wa 230 italipuka). Nyingi za kisasa zilizo nzuri hazina swichi hiyo, zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe, hivyo hata umeme ukilegea jioni hazitetereki. Nembo ya 80 Plus, inayothibitisha kwamba pawasaplai imepimwa na haipotezi umeme mwingi, nayo inaghushiwa. Ukiona imeandikwa "85 Plus", jua hakuna daraja la namna hiyo. Orodha ya modeli zilizopimwa iko wazi kwenye tovuti ya 80 Plus; tafuta jina la modeli kwenye simu hapo hapo kaunta, na muuzaji akikukataza, toka.

Naomba jambo moja lisikilizwe: msiifungue pawasaplai wenyewe kutafuta ushahidi. Kapasita zake kubwa (vile vikopo vinavyotunza umeme) hushika zaidi ya volti 300 na huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Kuinua stika kunatosha. Na msiendelee kuitumia feki "kwa kazi ndogo ndogo". Zinazokosa kinga zikifa huweza kwenda na mazabodi na diski, na data za wateja zikapotea pamoja nazo.

Tulipompeleka dada kwa muuzaji mwingine akapata yenye waranti ya maandishi ya miaka mitatu, mashine haijazima tena, na kadi ni ile ile, RAM ile ile, mazabodi ile ile "iliyokufa".

Kuhusu lile duka: silitaji hapa kwa sababu malalamiko yameanza kushughulikiwa na nataka yafike mwisho. Walimpa dada karatasi ya mkono iliyopigwa muhuri wa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Daini risiti ya EFD kila mara, na hakikisha imeandikwa ulichonunua, siyo "vifaa" tu. Bidhaa bandia na malalamiko ya walaji ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na hapo ndipo tulipokwenda.

Ukiacha mashine kwa fundi yeyote, piga picha ndani kabla: stika ya RAM, ya diski, ya grafiki kadi, namba zake zisomeke. Na kama umeshanunua pawasaplai yenye ampia ndogo kwenye mstari wa 12V na wati kubwa kwenye lebo, ichomoe, itunze pamoja na boksi lake na karatasi uliyopewa. Usiitupe na usikubali kuwarudishia bila maandishi. Hiyo ndiyo ushahidi wako.