Mtoto wa mbwa asiyeona wala kusikia: kumlea au kumchoma sindano ya mwisho?

Ukipandisha mbwa wawili wa aina ya Australian Shepherd wenye merle, yaani rangi ya mabaka inayoletwa na jeni moja, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 kurithi jeni hiyo kwa wazazi wote. Mara nyingi huyo huzaliwa na weupe mwingi, kiziwi, kipofu, au vyote viwili.

Kwa gharama, sindano inashinda: unalipa mara moja. Ila chakula na chanjo za huyu ni zilezile za mbwa yeyote. Kinachozidi ni uzio na muda wako.

Kwa maumivu, tuwe wakweli. Uziwi hauumi. Jicho lililodumaa linaweza kuuma, na daktari wa mifugo anaweza kuling'oa. Pua ni nzima, nayo ndiyo ramani yake ya nyumba, mradi usihamishe makochi kila wiki.

Kazi ipo kwenye mafunzo: mguso wa begani maana yake keti, wa kiunoni njoo. Akiguswa ghafla usingizini anaweza kung'ata, basi mnusishe mkono kwanza.

Unashinda nyumbani na una ua? Mlee. Unaondoka alfajiri hadi usiku? Mtafutie mlezi mwingine kwanza. Ana maumivu yasiyotibika? Hapo sindano si ukatili.